Nani Ameula Muda Wetu?

Mwaka jana wazee wa kanisa wanne tulikwenda hospitali kumtazama mama mmoja wa jumuiya yetu. Tulibeba bahasha ya mchango, matunda na chupa ya uji. Tulimpa pole, tukauliza madaktari wanasemaje, tukasimulia jinsi foleni ya Mbagala ilivyotutesa njiani. Muda wa kuwaona wagonjwa ulipokaribia kwisha, mama akasema, "Wanangu, niombeeni." Tukatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mwishowe mmoja wetu akaomba, na sala yake ilikuwa ile ile tunayofungulia vikao: asante kwa siku hii, ubariki yote tutakayozungumza. Tutakayozungumza! Tulikuwa tunaaga. Mama akaitikia Amina, kisha akaanza kutuombea sisi, mmoja mmoja kwa jina, na watoto wetu kwa majina yao.

Katika safari ya kurudi hakuna aliyelalamikia foleni. Tulikuwa tumempelekea kila kitu isipokuwa kile alichokiomba.

Tungeulizwa sababu, tungejibu kama tunavyojibu siku zote: ratiba imebana, maisha ya mjini haya, Mungu anajua. Tunaandika kuupinga uongo huo. Ni uongo wetu wenyewe, kwa hiyo hatutamtafuta jirani wa kumsingizia.

Jirani tunaye, lakini yeye anatushitaki. Mwenye duka la vitenge pale Kariakoo analipa kodi ya pango isiyo ndogo. Adhuhuri ikiingia hutandika shuka juu ya bidhaa, humwomba wa duka la pili amwangalizie, naye huenda kuswali. Mteja mwenye haraka atasubiri au atanunua kwingine. Hatusemi haya ili tubishane dini ya nani ni ipi. Tunasema mtu huyu anaishi Dar es Salaam hii hii, kwenye joto hili na foleni hii, naye ana watoto wa kulipia ada. Hakuna aliyempa muda ule; ameukata mwenyewe kwenye mauzo yake. Sisi tunangoja ubaki, kama mtu anayengoja chenji kwa kondakta.

Danieli hakuwa mtawa aliyekaa pangoni. Alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliowekwa juu ya maliwali mia na ishirini, kila mmoja na hesabu zake za kukaguliwa. Mtu huyo alipiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha likiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Adui zake walipotaka kumnasa walimtafutia kosa kazini wasilipate, maana hesabu zake zilikuwa safi. Walimvizia kwenye saa ya sala, kwa sababu saa hiyo ilijulikana. Tujiulize: adui zetu wangetuvizia saa ngapi? Wangetungoja mpaka wachoke.

Wapo watakaotujibu kwamba siku hizi mtu huomba popote, ndani ya daladala, jikoni, kwenye foleni ya benki. Nao humtaja Nehemia, aliyeomba kimoyomoyo mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu. Ni kweli aliomba hivyo. Lakini someni sura iliyotangulia. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, naye alisimama mbele ya mfalme mwezi wa Nisani. Katikati hapo kuna miezi ipatayo minne, na Nehemia aliianza kwa kulia, kufunga na kuomba, siku baada ya siku. Sala ile fupi ilitoka kwenye ghala lililojaa. Sisi tunataka kuchota bila kuwa tumeweka. Mume anayezungumza na mkewe kwa ujumbe wa simu tu, mwaka mzima, huku wanalala nyumba moja, tungemwita kwenye kikao cha usuluhishi.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha namna ya kuomba. Hakumtaka aache kunyoa. Alimtahadharisha na lile wazo la kusema ngoja kidogo, nitaomba baada ya saa moja, nimalize kwanza hili na lile. Maana hilo huzaa lingine na sala ya siku hiyo imekwisha. Tena akachukua mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema huweka akili na macho kwenye wembe, la sivyo atamkata mtu pua. Luther alijua anamwandikia mtu mwenye wateja mlangoni.

Hapa tujihadhari, maana ni rahisi kumpiga asiyehusika. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri, akachota maji, akawahi samaki soko la Feri na kurudi nyumbani usiku, hatuna la kumfundisha. Tukimwambia ajipange vizuri, tunamtukana. Huenda anaomba kuliko sisi wote. Maneno haya ni yetu sisi tunaopata saa mbili za mpira na saa moja ya kupitisha kidole kwenye simu kabla ya kulala. Bando hatukosi.

Kuna jambo baya zaidi, nalo hatulisemi kanisani. Muda wa sala tunaula wenyewe, kisha tunaula na wa wenzetu. Katika nyumba zetu nyingi kuna binti wa kazi. Jumapili tunatoka na Biblia, yeye anabaki na masufuria, ili tukirudi tukute wali umeiva. Amri ya siku ya kupumzika inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja hata mnyama wa kufugwa. Sisi tumeisoma tangu kipaimara na hatujaona kwamba inaingia jikoni kwetu. Binti amebatizwa kijijini kwao, alikuwa anaimba kwaya ya watoto, na tangu aje mjini hajakanyaga ibada. Ratiba yake nani kaibana?

Na kanisa lenyewe je? Jumapili moja tuliweka saa tukapima. Matangazo, mnada wa mazao na michango vilichukua dakika hamsini na mbili. Sala ya kanisa zima, pamoja na wagonjwa, wafiwa na wanafunzi, dakika nne. Wiki hiyo hiyo mzee mmoja alikuwa na kamati ya ujenzi Jumanne, kamati ya fedha Jumatano, mazoezi ya kwaya Alhamisi na kikao cha harusi Ijumaa. Jumamosi alfajiri jumuiya ilimkosa, naye tukamwandikia barua ya kumkumbusha wajibu wake. Barua ile tuliisaini sisi.

Basi tumefanya machache, tena yamechelewa. Kamati mbili zimeunganishwa na zinakutana mara moja kwa mwezi. Matangazo yanabandikwa ubaoni, na yanayosomwa ni ya ndoa na ya msiba tu. Katika nyumba tatu za wazee, binti wa kazi anakwenda ibada ya kwanza, sisi tunakwenda ya pili, na mboga ya Jumapili tunapika wenyewe. Juzi iliungua. Jumuiya yetu inakutana kitandani kwa yule mama, ambaye sasa yuko nyumbani na hawezi kutembea. Yeye ndiye anayetufundisha kuwataja watu kwa majina.

Mjumbe mmoja wa ujenzi amelalamika kwamba kwa mwendo huu paa la kanisa jipya halitakamilika mwaka huu. Tumemjibu kwamba litachelewa.