Daftari la wiki: Wajenzi wengine wa Lukafu

Kichuguu kina wenyewe

Jumatatu asubuhi fundi alifika kiwanjani bila pima wala kamba. Hakutaka hata kuonyeshwa mipaka. Alikwenda moja kwa moja kwenye vichuguu viwili vilivyosimama nyuma ya mahali ambapo mwenye daftari hili na familia yake wanataka kujenga kibanda chao cha mapumziko, hapa Lukafu, bondeni mwa mto Lufira, chini ya uwanda wa juu wa Kundelungu. Kimoja kinaipita kwa urefu nyumba itakayojengwa, na miti imeota mgongoni mwake. "Papa, matofali inatokaka mu kichuguu," fundi alisema. Lililobaki ni kujua mu kichuguu kipi.

Jibu alilitafuta kwa jembe. Jioni alibomoa kila kichuguu kipande cha ukubwa wa sahani, akaenda zake. Jumanne alfajiri kidonda cha kile kirefu kilikuwa kimezibwa kwa udongo mbichi, mweusi kuliko ule wa pembeni, bado una majimaji ukiugusa. Kidonda cha kile kifupi kilibaki kikavu kama kilivyoachwa. Kirefu kina wenyewe, kifupi kimehamwa. Kazi ya kuchimba ikaanza kwenye kile kifupi saa ile ile.

Mafundi wa Katanga wanaupenda udongo huu kwa sababu mchwa wameshaufanyia kazi nusu. Wanaupandisha kutoka chini punje kwa punje, wanauchanganya na mate, na kokoto kubwa wanaziacha huko huko. Mjini Lubumbashi, vitongoji vizima vimesimama kwa matofali ya vichuguu, na mashimo yake bado yanaonekana katikati ya nyumba.

Umri wa udongo wenyewe ni habari nyingine. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya kaboni vya vichuguu vya mchwa aina ya Macrotermes falciger katika misitu ya miombo karibu na Lubumbashi. Kimoja, kilichokwisha kuhamwa, kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Misalaba ya shaba iliyoipa Katanga jina katika biashara ya kale ilikuwa haijamiminwa bado wakati mchwa wale wanaanza kazi. Fundi alipoelezwa hayo aliuliza kama udongo mzee unakauka haraka zaidi. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Makao makuu yaliyohama

Mgeni akiambiwa kwamba Lukafu iliwahi kuwa na ofisi za kutawala Katanga nzima hudhani anataniwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Comité Spécial du Katanga, kampuni na serikali kwa wakati mmoja, iliundwa mwaka 1900, na kwa muda makao yake yalikuwa hapa. Bunkeya, makao ya mfalme M'siri, haikuwa mbali, ng'ambo ya Lufira, na mfalme huyo alikuwa ameuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa kikoloni wa Stairs. Kisha macho ya wakoloni yakageukia shaba ya kusini na reli iliyokuwa ikipanda kutoka Rhodesia. Mwaka 1910 Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ikaanza kujengwa. Makarani wakafunga masanduku yao, Lukafu ikarudi kuwa kijiji.

Kumbukumbu hiyo ina faida kwa anayejenga. Ofisi zinahama, na karatasi zinahama nazo.

Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na kwa ardhi ya mashambani lazima kwanza ufanywe uchunguzi wa kujua nani anaitumia tayari. Sheria hiyo hiyo iliahidi amri ya Rais ya kufafanua haki za wanakijiji juu ya ardhi ya mababu, na kwa miongo kadhaa amri haikutoka. Basi mtu anakwenda kwa njia mbili. Anakwenda kwa sultani, kama chifu anavyoitwa katika Kiswahili cha huku, na anakwenda kwa karani. Mwenye daftari alianza kwa karani, akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine mbili. Alipofika kwa sultani aliulizwa swali moja tu: njia ya akina mama ya kwenda mtoni inayopita kwenye kiwanja hicho, je, itabaki? Itabaki. Mlango wa kibanda umegeuzwa upande wa pili kwa ajili yake.

Nyasi, bati na moto

Paa liliwagawa watu wa nyumbani siku nzima ya Jumatano. Vijana wanataka bati. Mama mkubwa wa familia anataka nyasi, kwa sababu amewahi kulala chini ya bati mwezi wa kumi, joto la Oktoba lilipokuwa limeiva, na hataki tena. Wote wana hoja. Mvua ya Lubumbashi ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Machi, na chini ya bati mvua hiyo huua mazungumzo. Nyasi hunyamazisha mvua, lakini zinataka mwinamo mkali ili maji yasituame, zinataka kubadilishwa baada ya miaka michache, na panya wanazipenda.

Kilichoamua ubishi ni moto. Septemba hii ukisimama kiwanjani jioni unaona mistari myekundu ikipanda mteremko wa Kundelungu. Wawindaji wanawasha, wenye mashamba wanawasha, na mwingine anawasha kwa sababu jirani amewasha. Cheche moja juu ya paa la nyasi inatosha.

Si kila moto una madhara sawa. Huko Ndola, upande wa Zambia lakini kwenye miombo hii hii, kulianzishwa jaribio mwaka 1933. Kipande kimoja cha msitu kilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kingine kilichomwa mwisho wa kiangazi, cha tatu kikakingwa kabisa. Miaka ilivyopita, kile cha moto wa mwisho wa kiangazi kilipoteza miti yake na kuelekea kuwa mbuga. Kile kilichokingwa kilifunga na kuwa kichaka kizito. Cha moto wa mapema kilibaki msitu.

Familia imekubaliana hivi: bati juu, dari ya matete chini yake, na baraza peke yake iezekwe nyasi. Kuzunguka kiwanja kitafyekwa kinga-moto mwezi wa tano, kabla majani hayajakauka. Mwaka huu wamechelewa. Wanafyeka sasa, na majivu ya watu wengine yanawaangukia kichwani.

Kiongozi mwenye tamaa yake

Alhamisi ndege mdogo wa rangi ya kijivu alitua juu ya mti karibu na tanuru, akaanza kupiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti. Watoto walidhani ana kifaranga. Kijana mmoja wa kijijini aliyekuwa akibeba maji aliitua ndoo yake bila kusema neno na kumfuata. Huyo ni mlembe, kiongozi wa asali. Anajua mzinga wa nyuki ulipo lakini hawezi kuupasua. Binadamu ana shoka na moshi lakini hajui mzinga ulipo. Mtu anachukua asali, ndege anabaki na nta na mabuu.

Watu wa pwani wana hadithi nyingi kuhusu ndege huyu. Sayansi nayo imefika. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Niassa, Msumbiji, pamoja na warina asali wa Kiyao. Wayao humwita mlembe kwa mlio maalumu waliorithi kwa baba zao, mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Waliopita msituni wakitoa mlio huo walipata kuongozwa mara 66 kwa 100. Waliotoa sauti nyingine yoyote walipata kama nusu ya hapo. Ina maana ndege anasikiliza, na anatofautisha anayetaka asali na anayepita zake.

Kijana alirudi baada ya saa moja na nusu. Jicho moja limevimba, na masega mawili yamefungwa ndani ya jani. Alipoulizwa kama alimwachia mlembe sehemu yake alishangaa kuulizwa. "Nisipomwachia, kesho ataniita nani?"

Kwera aliyepotea miaka arobaini na tisa

Ijumaa ilikuwa siku ya kusubiri matofali yakauke, kwa hiyo daftari limejaa ndege. Kwera wanasuka viota kwenye matete ya kijito, na dume mmoja amekataliwa na jike: jike alikagua kiota, akakivuta, akaenda zake. Dume alikibomoa chote na kuanza upya. Fundi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema anawajua wateja wa namna hiyo.

Bonde la Lufira lina kwera wake asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote. Mwaka 1930 bwawa la umeme lilijengwa Mwadingusha kwa ajili ya migodi, na maji yakatanda juu ya bonde kuwa ziwa, Tshangalele. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, Jean-Claude Ruwet alimkamata hapo kwera mwenye barakoa nyeusi. Sampuli hiyo ilikaa hadi 1982 ndipo ikatambuliwa rasmi kuwa spishi mpya, Ploceus ruweti. Mwaka huo huo UNESCO iliingiza bonde la Lufira katika hifadhi zake za bayongahewa. Sifa zilikuwepo, ndege hakuonekana. Februari 2009 Michel Louette na Michel Hasson walirudi ziwani na kumkuta akisuka viota kwenye vichaka vilivyosimama majini. Muda wote huo wavuvi wa Tshangalele walikuwa wakimpita kila asubuhi.

Ni jambo la kufikirisha kwa anayechimba mtaro: ziwa la kuzalishia umeme, kitu cha saruji na chuma, ndilo makazi tunayoyajua ya ndege huyu.

Miti inayoliwa ikiwa hai

Miombo inatoa majani mapya sasa, kabla ya mvua, na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, ya rangi ya shaba na divai, mteremko mzima. Mgeni hudhani ni msimu wa majani kupukutika. Ni kinyume chake.

Fundi wa mbao alitaka kukata miti minne iliyo karibu ili apate nguzo. Wanawake wa kijiji, waliokuwa wakipita kwa njia yao ile ile ya mtoni, walisimama. Miti hiyo, walisema, ni ya viwavi. Mvua zikishika, viwavi watajaa juu yake, watachemshwa na kukaushwa, na watakaobaki baada ya kuliwa na bukari, ugali wa huku, watapelekwa kuuzwa Lubumbashi. Mtaalamu wa mimea François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya misitu hii, kuanzia viwavi na uyoga hadi matunda na asali. Akina mama hawa hawakukihitaji.

Nguzo zitakuwa za mkaratusi uliopandwa, zilizopakwa oili chafu miguuni dhidi ya mchwa. Hazipendezi sana. Miti minne imebaki.

Wakubwa wako juu

Rafiki kutoka mjini alipiga simu kuuliza kama tayari wameonekana tembo. Hapana. Wanyama wakubwa wa Katanga wamebaki wachache, na wengi wao wako mbali na barabara. Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoundwa 1970, iko juu ya uwanda, kule ambako mto Lofoi unajirusha kutoka ukingoni na kuanguka zaidi ya mita 300. Upemba, kaskazini-magharibi, ni ya 1939. Humo ndimo walimobaki punda milia wa mwisho wa Kongo, na tangu 2017 ICCN, taasisi ya hifadhi ya Kongo, inaisimamia pamoja na shirika la Forgotten Parks. Miongo ya vita na ujangili ilizipunguza hifadhi zote mbili. Walinzi wengi wamekufa kazini.

Kiwanjani wageni ni wadogo. Nyani hupita alfajiri. Nsya mmoja alikunywa kijitoni na kutoweka kabla mtoto hajamaliza kutamka jina lake. Nyigu wa udongo ameshajenga vyumba vitatu ndani ya mpini wenye tundu wa koleo la fundi. Mbayuwayu wa kutoka Ulaya wamefika, na wawili wamekuwa wakizunguka juu ya mahali patakapojengwa baraza.

Alama kwenye tofali

Jumamosi asubuhi matofali mabichi yalifunuliwa majani kabla ya kupangwa tanuruni. Katika safu ya pili kulikuwa na tofali lenye nyayo nne, ndogo, zilizozama vizuri. Mnyama alipita usiku udongo ukiwa bado laini, akageuka, akarudi alikotoka.

Ubishi ulianza. Fungo angeacha alama za kucha, kama mbwa, na hapa kucha hazionekani. Basi ni kanu, alisema mmoja. Mwingine alikumbusha kwamba mwenye duka la jirani ana paka, na paka naye hufunga kucha zake. Watoto walipiga kura: kanu sita, paka mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye paka.

Fundi alitaka kulivunja tofali na kulifinyanga upya, kwa sababu halikuwa sawa. Aliombwa asifanye hivyo. Akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka juu kabisa ya tanuru ambako moto si mkali sana, na kuuliza liingie ukuta gani. Wa mbele, kushoto mwa mlango, safu ya tatu, alama zikitazama nje.