Maji ya Kakamega si ya Kisima cha Pwani

Mtu wa pwani hujiona mjuzi wa maji. Amezaliwa baina ya bahari na kisima, ametawadha kwenye birika la msikiti tangu utotoni, na chuoni akasomeshwa alama tatu za maji yaliyogeuka: rangi, ladha na harufu. Elimu hiyo ni ya haki wala siitii dosari. Lakini hiyo ni elimu ya tohara, si ya bwawa la kuogelea. Mtu akienda nayo peke yake hadi Kakamega, akachimba bwawa uani mwake na kuridhika kwa kuwa maji yanang'aa hata vigae vya chini vyaonekana, huyo na ajihadhari. Uchachu wa maji hauna rangi wala harufu, na maji yaliyochacha huweza kung'aa kama kioo.

Sina ugomvi na mwenye bwawa. Aliyejaaliwa na ale alichojaaliwa, na watu wetu si wageni pande hizo. Misafara ya biashara kutoka pwani ilifika Mumias tangu karne ya 19. Kinachonikera ni kupeleka bara mazoea ya pwani bila ya kuuliza. Kisima chetu kimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, yale yale tunayoyachoma tukapata chokaa. Maji yake yamebeba chokaa hiyo. Tazameni ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ndiyo maana fundi wa mabwawa wa Mombasa au Malindi amezoea kutia asidi. Kakamega mambo ni kinyume. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na udongo umeoshwa chokaa yake hata wakulima hushauriwa kuirudisha shambani ili mahindi yastawi. Maji ya huko aghalabu ni laini, na huelemea upande wa uchachu. Fundi akimimina asidi kwa mazoea tu, amemsukuma aliyekwisha kuteleza.

Dawa ni kupima. Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mtaalamu wa Denmark, Sørensen, katika maabara ya kiwanda cha pombe cha Carlsberg mjini Copenhagen. (Msishtuke, elimu huchukuliwa ilipo, na chupa ikaachwa ilipo.) Katikati ya kipimo ni 7, chini yake ni uchachu, juu yake ni ukali wa kimagadi, na kila daraja moja ni mara kumi ya lililo jirani yake. Bwawa lataka 7.2 hadi 7.8. Machozi ya binadamu yako karibu na 7.4, basi si ajabu macho ya watoto kuwasha na kuwa mekundu maji yanapochacha. Uchachu huo huo hula saruji baina ya vigae na kuozesha vyuma vya pampu. Maji yakipanda nayo, klorini hulala: kwenye 7.5 ni kama nusu yake tu iliyo katika hali ya kuua vijidudu kwa nguvu, na kwenye 8 yabaki kama robo. Mwenyewe hudhani klorini ni haba, akaongeza, akaongeza tena, na pesa zikenda na maji.

Hata hao wanaopima pH wengi wao huisahau alkali, nayo ndiyo roho ya jambo hili. Alkali ni akiba iliyomo majini, inayoupokea uchachu kabla haujaitikisa pH. Bwawa lenye akiba ni kama jahazi lenye farumi. Wimbi likija huyumba, kisha likarejea. Lisilo na akiba, mvua moja ya alasiri yatosha kulipindua, na Kakamega mvua ya alasiri si mgeni. Hapo mtu huanza mchezo wa leo magadi, kesho asidi, usio na mwisho. Kadiri inayotakiwa ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Anza na alkali, kisha ndipo uje kwenye pH.

Tuseme bwawa lina urefu wa mita 8, upana 4 na kina 1.5. Hilo ni lita 48,000. Ikiwa alkali ni 30 na wataka 90, utahitaji bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayoumuliwa keki, kilo 5 kasoro kidogo. Tia nusu, acha pampu izungushe maji kwa saa kadhaa, pima, ndipo utie iliyobaki. Magadi makali, kama yanayotoka Ziwa Magadi, hupandisha pH kwa ghafla, hivyo yaweke kwa siku ambayo akiba imetosha na pH ingali chini. Asiyefahamu tofauti hii na aingie jikoni kwa mama wa Kiluhya anayechuja majivu ya mimea ili kulainisha mrenda na kunde. Yeye ajua kidogo hulainisha na kingi huharibu chungu kizima, wala hakusoma kwa Sørensen.

Lililobaki ndilo lililonishikisha kalamu. Kazi hii yote aghalabu huachiwa kijana wa bustani, aliyeajiriwa kukata nyasi, akapewa debe la asidi bila glavu wala miwani. Hakuna aliyemwambia kuwa asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, si maji juu ya asidi. Hakuna aliyemwambia kuwa asidi ikikutana na klorini ndani ya ndoo moja hutoa hewa ya sumu, hewa ile ile iliyoua askari Ypres mwaka 1915. Mwenye bwawa anayeona glavu ni ghali, mimi naona alifukie bwawa lake apande mboga.

Na siku ya kulimwaga, maji hayo yasifunguliwe mtaroni yakiwa na klorini. Yaache juani siku kadhaa bila ya kutia dawa, uyapime mpaka klorini iishe. Mitaro ya Kakamega huteremkia mto Isiukhu, na huko chini kuna watu wanaochota.