Kuchagua Kadi ya Michoro: Kumbukumbu Kwanza, Mwendo Baadaye

Kila shule inapopata fedha za kununua kompyuta ya mezani yenye nguvu, hakosekani mtu wa kukumbusha kwamba rahisi ni ghali. Usemi huo una hekima yake, lakini katika uchaguzi wa kadi ya michoro umewapotosha wengi. Hudhaniwa kwamba kadi yenye bei kubwa kuliko zote ndiyo bora kwa kila mtu na kwa kila kazi. Dhana hiyo si ya kisayansi. Mwanasayansi huuliza kwanza kazi ni ipi, kisha hupima, ndipo huchagua.

Kadi ya michoro ni chombo kinachopachikwa ndani ya sanduku la kompyuta ili kuisaidia prosesa kuu. Prosesa kuu ina viini vichache vyenye uwezo mkubwa. Kadi ya michoro ina maelfu ya viini vidogo vinavyofanya hesabu nyepesi kwa wakati mmoja, mithili ya kijiji kizima kinachopalilia shamba kwa ujima. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Ikiwa picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, hapana budi rangi za nukta zaidi ya milioni 124 zikokotolewe kila sekunde. Katika skrini ya nukta 3,840 kwa 2,160, idadi hiyo huwa mara nne.

Sifa mbili za kadi zastahili kutofautishwa, nazo ni mwendo na kumbukumbu. Matangazo ya biashara aghalabu husifu mwendo. Hata hivyo, uhaba wa mwendo huleta kusubiri tu: kazi ya saa moja huchukua saa tatu, lakini hukamilika. Uhaba wa kumbukumbu huleta kikomo. Data isiyoenea ndani ya kadi ama hukataliwa kabisa, ama hupelekwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, ambako hufikiwa polepole mno. Kwa mfano, modeli ya lugha ya akili mnemba yenye vigezo bilioni 7, kila kigezo kikichukua baiti 2, huhitaji gigabaiti 14. Modeli hiyo haienei katika kadi ya gigabaiti 8, hata kadi hiyo iwe na mwendo mkubwa namna gani. Ipo njia ya kuvifinya vigezo ili vienee, lakini usahihi huweza kupungua.

Historia yathibitisha jambo hili. Mwaka 2012, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliifundisha kompyuta kutambua picha kwa ubora uliowashangaza wataalamu. Walitumia kadi mbili za GTX 580, zilizoundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, kila moja ikiwa na gigabaiti 3 za kumbukumbu. Kwa kuwa kadi moja haikutosha, iliwabidi waigawe modeli yao katika kadi zote mbili. Mafunzo yalichukua siku tano hadi sita. Kusubiri kuliwezekana, kumbukumbu ndiyo iliyowalazimu kubadili mpango.

Mfano wa karibuni ni kadi mbili za kampuni ya NVIDIA zilizotolewa mwaka 2025. RTX 5090, iliyotoka Januari, ina gigabaiti 32 na ilitangazwa Marekani kwa dola 1,999. RTX 5060 Ti, iliyotoka Aprili, ilikuja kwa namna mbili chini ya jina lile lile: ya gigabaiti 8 kwa dola 379, na ya gigabaiti 16 kwa dola 429. Mnunuzi asomaye jina peke yake aweza kuokoa dola 50 na kupoteza nusu ya kumbukumbu. Bei za madukani, pamoja na usafirishaji na ushuru, huwa nyingine, lakini funzo halibadiliki.

Ama kuhusu umeme, RTX 5090 huweza kutumia wati 575, na RTX 5060 Ti wati 180. Kwa saa nane za kazi nzito, ya kwanza hula uniti 4.6, na ya pili uniti 1.44. Kadi kubwa pia hudai kifaa cha kugawa umeme cha wati 1,000 na sanduku lenye nafasi, maana urefu wake wapata sentimita 30. Tena, karibu umeme wote huo hugeuka joto. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa, ambacho tayari kina joto la nyuzi 30, hilo si jambo dogo.

Haifai kusema kwamba kadi kubwa haina kazi. Mtafiti anayefundisha modeli kubwa, au msanii anayetengeneza filamu za katuni, huenda akairudisha gharama yake kwa muda mfupi. Lakini mwanafunzi wa sekondari anayejifunza programu, kuchora ramani za nyumba au kuchunguza modeli ndogo hana haja nayo. Tofauti ya bei kati ya kadi hizo mbili ni dola 1,570, fedha ambazo zingelipia sehemu kubwa ya kompyuta ya pili. Darasa la wanafunzi 40 linalozunguka mashine moja ya fahari hujifunza kutazama. Lenye mashine mbili za wastani huanza kujifunza kutenda.

Kwa hiyo, kabla ya hati ya ununuzi kutiwa sahihi, yafaa mwalimu na wanafunzi wake waandike ubaoni mambo manne: kazi itakayofanywa, gigabaiti zinazohitajika, wati zitakazotumika, na idadi ya watakaoitumia mashine. Hesabu hiyo yenyewe ni somo, nayo yaweza kufanywa kabla ya senti moja kutumika.