Mwalimu wa Timu ya Wasichana Naye Ni Mfanyakazi

Tarehe 5 Agosti 2023, katika ukumbi mkubwa wa michezo wa Kigali, timu ya wanawake ya Nigeria iliishinda Senegal kwa pointi 84 kwa 74 na kuutwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu. Aliyesimama ukingoni akiwaongoza mabingwa hao alikuwa Bibi Rena Wakama, mwenye umri wa miaka 31, na kabla yake hakuna mwanamke aliyepata kuutwaa ubingwa huo akiwa mwalimu mkuu wa timu. Mwaka uliofuata, mjini Paris, aliwafikisha wachezaji wake katika robo fainali ya Olimpiki, mahali ambapo timu yoyote ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, ilikuwa haijafika.

Mashindano hayo ya Kigali yalichezwa jirani kabisa na Ngara. Mtu akivuka daraja la Rusumo asubuhi, jioni amekwisha kufika Kigali na kupumzika; Dodoma ni mbali zaidi mara nyingi. Tena wasichana wa Rwanda wenyewe, ambao lugha yao na Kihangaza husikilizana, walifika nusu fainali. Twauliza basi: msichana wa Rulenge, au wa Nyakahura katika Biharamulo, aliyezisikia habari hizo na moyo wake ukawaka, amwendee nani amfundishe?

Swali hili halijibiwi kwa hotuba za kutia moyo. Bibi Wakama hakuzuka kama uyoga baada ya mvua. Alicheza, kisha akafanya kazi, katika vyuo vya Marekani, na huko mwalimu wa timu ya wanawake huajiriwa kama aajiriwavyo mwalimu wa hesabu. Desturi hiyo si ya zamani sana. Kati ya walioijenga, hatumjui aliyefanya kazi kubwa kumpita Bibi Pat Summitt wa Chuo Kikuu cha Tennessee, naye alikuwa mtoto wa shamba.

Alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo hilo la Tennessee, kwa watu wa jembe, wakulima wa tumbaku na wafugaji wa ng'ombe. Alijifunza mpira wa kikapu kwa kucheza na kaka zake juu ya ghala la majani makavu. Shule ya mji wao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake, mtu mkali asiyependa maneno mengi, alihamisha nyumba nzima akaipeleka mahali penye shule iliyokuwa na timu. Twaomba msomaji aikumbuke habari hiyo ya baba.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alipewa timu ya wanawake ya chuo. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Yeye ndiye aliyefua jezi, yeye ndiye aliyeendesha gari la timu, na jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za kuuza donati. Mchezo wake wa kwanza alishindwa kwa pointi moja. Wakati huo huo alikuwa akisoma shahada ya pili na kujiandaa kucheza Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambako yeye na wenzake walipata medali ya fedha. Miaka minane baadaye, huko Los Angeles, aliiongoza timu ya taifa lake kama mwalimu ikapata dhahabu.

Alikaa Tennessee miaka 38. Alishinda michezo 1,098 na kushindwa 208. Alitwaa ubingwa wa vyuo mara 8, wa kwanza mwaka 1987 na wa mwisho 2008, na katika msimu wa 1997 hadi 1998 timu yake ilicheza michezo 39 bila kushindwa hata mmoja. Hesabu hizo wapenda michezo wanazijua. Sisi tunayoipenda zaidi ni nyingine: kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini yake aliondoka chuoni na shahada mkononi. Chuo kilimtaka mara mbili aichukue timu ya wanaume, naye akakataa, akiuliza kwa nini watu wadhani kuwafundisha wanaume ni kupanda cheo. Mwaka 2011 alitangaza kwamba amepatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Aliongoza msimu mmoja zaidi, kisha mwaka 2012 akamwachia kiti Bibi Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake na baadaye msaidizi wake. Alifariki Juni 2016.

Sasa wako watakaosema: huyo alikuwa mtu wa kipekee. Hatukatai. Lakini mtu wa kipekee asiye na kazi ya kudumu hubaki hadithi ya kijijini. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyozikataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake. Sheria hiyo ndiyo iliyovilazimisha vyuo kutenga fungu la timu za wanawake, na fungu hilo ndilo lililozigeuza dola 250 kuwa mshahara wa mtu mzima. Ilipofika 2006, Bibi Summitt alikuwa mwalimu wa kwanza wa kikapu cha wanawake kulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Bidii yake isingepungua bila sheria, lakini angeendelea kufua jezi.

Hapa pana jambo chungu ambalo watu hupenda kuliruka. Mwaka 1972, katika kila timu 100 za wanawake za vyuo vya Marekani, zaidi ya 90 zilikuwa na mwalimu mwanamke. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43. Fedha zilipokuja, wanaume walikuja nyuma yake. Hatusemi kwamba mwanamume hawezi kuwafundisha wasichana. Bwana Geno Auriemma wa Chuo Kikuu cha Connecticut, chuo kile kile alichochezea kijana wetu Hasheem Thabeet, ameipita hesabu ya ushindi ya Bibi Summitt, na mwaka 2025 alitwaa ubingwa wake wa 12. Tunachosema ni hiki: kazi ya mwanamke ikiwa haina malipo huitwa moyo wa kujitolea, ikianza kulipwa huitwa utaalamu, na hapo hutafutwa mwanamume. Wafanyakazi wa nchi hii, waliokwisha kuona mambo kama hayo mashambani na viwandani, hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Turudi kwetu. Katika shule nyingi za nchi yetu mwalimu wa netiboli au wa kikapu ni mwalimu wa Kiswahili au wa jiografia aliyebaki kiwanjani baada ya vipindi. Michezo ya UMISSETA inapokaribia anakumbukwa. Anachagua, anafundisha, anasafiri na watoto, anawatunza wakiugua njiani. Michezo ikiisha, anarudi kwenye chaki. Akipata uhamisho, timu huhama naye kwa maana mbaya: hufa. Hakuna kiti alichokiacha ili mwingine akikalie, kama Bibi Warlick alivyokikuta kiti cha mwalimu wake.

Hatumwombi mzazi wa Ngara afanye kama baba yule wa Tennessee, auze migomba na kuhama kwa ajili ya timu. Baba yule alihama kwa sababu utaratibu ulikuwa haupo. Kazi ya utaratibu ni kumwondolea mkulima safari hiyo.

Wilaya hizi mbili hazikosi pa kuanzia. Biharamulo ina mgodi wa dhahabu wa Stamigold, mali ya umma. Ngara ina mradi wa nikeli wa Kabanga. Sheria ya madini, ilivyorekebishwa 2017, inawataka wachimbaji wapange pamoja na halmashauri namna ya kuzisaidia jamii zinazowazunguka. Katika mipango ya namna hiyo madarasa na visima hutangulia, na ndivyo inavyopasa. Lakini nafasi moja ya mwalimu wa michezo ya wasichana katika kila wilaya, yenye barua ya ajira, mshahara na mafunzo, haiwezi kuzuia kisima kuchimbwa. Na nafasi hiyo itakapotangazwa, twataka walimu wanawake waliokwisha kuifanya kazi hiyo miaka mingi bila senti waitwe kwanza kwenye usaili, wala isiwe kwamba mtu mgeni analetwa na wao wanaombwa kumbebea mipira.

Madiwani wa Ngara na Biharamulo hupitisha bajeti zao kila mwaka. Wanachama walio katika kata, nao wafanyakazi walio katika vyama vyao, wana haki ya kuuliza fungu hilo limeandikwa ukurasa gani. Sisi tutauliza.