Fundi wa Nyumbani: Uzi Mnene Unaovuma



Tumepokea barua ya mama mmoja aliyetuomba tusilitaje jina lake. Mumewe analo gita la besi la umeme, ambalo hulipiga katika harusi za jamaa. Mwezi wa Novemba kijana wao, ambaye naye anajifunza, alibadilisha uzi ulio mnene kuliko wote. Ilipofika Januari uzi huo ukawa dhaifu, na kila ukipigwa bila kubanwa, au ukibanwa karibu na kichwa cha gita, hutoa mvumo kama wa nyuki. Nyuzi nyingine tatu hazina neno. Baba anasema kijana amekiharibu chombo, na kijana anasema chombo ni kikongwe. Walipokwenda dukani waliambiwa kwamba shingo imekwisha, wakatajiwa bei inayokaribia ile ya gita jipya. Harusi ya mpwa wao i karibu, na mama huyu anasema kuwa baba na mwana sasa hawasemezani ila kwa kupitia kwake.

Twajua kwamba wapo miongoni mwetu wasiopenda ala za muziki ziingie nyumbani mwao. Hukumu ya jambo hilo tunawaachia masheikh wetu. Kazi ya safu hii ni kutengeneza kilichoharibika na kuepusha israfu, na barua hii inahusu mambo hayo mawili, pamoja na suluhu ya nyumba.

Wasomaji waliokulia Tanga watakumbuka kwamba besi ya umeme si mgeni katika taarabu. Vikundi vya mji ule, kama Black Star, vilikwisha kuipiga tangu miaka ya 1960. Katika kundi lolote, uzi ule mnene ndio unaobeba wimbo kwa chini. Ukipigwa bila kubanwa hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde moja, na hupepea kwa upana kuliko nyuzi nyingine. Kwa hiyo, nafasi ikipungua kidogo tu, uzi huo ndio wa kwanza kugonga na kulalamika. Kulalamika kwake peke yake hakutoshi kuwa ushahidi kwamba shingo imekufa.

Tuanze na swali la kwanza: je, mgonjwa ni mmoja au ni wote? Kama nyuzi zote nne zingekuwa dhaifu, tungeishuku waya, amplifaya, au betri kwa yale magita yenye betri ndani. Kama zingekuwa mbili nene pamoja, tungeitazama pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Kwani katika magita mengi ya mtindo wa Precision pikapu hugawanyika vipande viwili, kimoja cha nyuzi mbili nene na kingine cha nyuzi mbili nyembamba. Lakini hapa mgonjwa ni mmoja tu. Basi mambo ya umeme karibu yote yameondoka katika orodha ya washukiwa, nasi hatujatumia hata senti moja.

Swali la pili: mvumo ni wa chuma au wa umeme? Chomoeni waya, mkae mahali penye utulivu, mpige uzi ule na kusikiliza kwa sikio karibu na mbao. Mvumo ukisikika, basi kuna kitu kinachogongana na kitu. Usiposikika, na badala yake mngurumo mzito ukatoka katika amplifaya hata pasipo kugusa uzi wowote, hilo ni jambo la umeme. Na hapa natahadharisha: asifungue mtu amplifaya, kwani hata ikichomolewa huweza kuhifadhi umeme wa kuua. Mkigusa nyuzi mkahisi mtetemo wa umeme mwilini, zimeni pale pale na mtafute fundi wa umeme.

Tukichukulia kwamba mvumo unasikika bila umeme, uzi ukiwa unalia gusezni kwa ncha ya kidole kila skrubu, kigingi na springi ya daraja. Mvumo ukikatika mnapogusa mahali fulani, mmeipata skrubu iliyolegea. Ikazeni kwa upole.

Kama si skrubu, utazameni uzi wenyewe. Uzi mnene wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya juu yake. Ukikatwa kabla ya kukunjwa, baadhi ya nyuzi huachia mzunguko wake na kufa sauti. Ukijisokota wakati wa kuufunga, hauwezi kutikisika sawasawa. Huwa dhaifu na huvuma ingawa ni mpya. Na ukizungushwa kigingini kwa kupanda juu badala ya kushuka chini, haulali kwa mteremko wa kutosha pale unapopita juu ya daraja dogo la kichwani, basi hupata nafasi ya kucheza mahali pasipotakiwa. Makosa haya hufanywa na kila anayejifunza, na dawa yake ni bure.

Ulegezeni uzi mpaka utoke kigingini. Uacheni ujifungue msokoto wake wenyewe, kisha uvuteni tena ukiwa umenyooka. Ukitakiwa kukatwa, ukunjeni kwanza kwa pembe ya mraba, ndipo mkate mbele ya mkunjo. Uzungusheni mara mbili au tatu, kila mzunguko ukikaa chini ya ule uliotangulia. Ukishakazwa, ubonyezeni kidogo kwa kidole gumba mara tu baada ya daraja dogo la kichwani, na tena karibu na daraja kubwa la nyuma, ili ulale vizuri juu ya vituo vyake viwili. Rekebisheni sauti, kisha sikilizeni tena. Aghalabu udhaifu huondoka hapa.

Ukibaki mvumo pekee, ndipo tuitazame shingo. Uzi ule ulifungwa Novemba, na ugonjwa ukaja Januari. Katikati yake nyumba zetu za huku huwashwa hita mchana na usiku, na hewa hukauka sana. Ubao wa gita hupenda unyevu wa kadiri ya asilimia 40 hadi 50. Ukikauka husinyaa, na shingo huweza kujipinda kinyumenyume hata freti za mwanzo, yaani vile vyuma vilivyokingama juu ya shingo, zikaukaribia uzi. Dalili yake ndiyo hiyo aliyoiandika mama: mvumo uko upande wa kichwani, na huku chini hakuna neno.

Kupima ni rahisi. Baneni uzi kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubaneni pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Mtu wa pili atazame katikati, karibu na freti ya 7 au ya 8. Pawe na upenyo mdogo, kiasi cha milimita 0.3, sawa na unene wa kadi ya jina. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, shingo imepinda nyuma. Ndani yake imo fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa spana ya pembe sita. Ilegezeni kwa kuizungusha kinyume cha saa, robo ya mzunguko na isizidi, kisha liacheni gita hadi kesho yake ndipo mpime tena. Fimbo ikikataa kuzunguka msiilazimishe. Kuivunja ndiko kuiua shingo kwa kweli.

Shingo ikiwa sawa na mvumo ungalipo, pimeni kimo cha uzi juu ya freti ya 12. Kwa uzi mnene, milimita 2 hadi 2.5 hutosha. Chini ya hapo, inueni kidogo kituo chake kwenye daraja la nyuma. Uzi ukivuma unapopigwa bila kubanwa, na ukanyamaza mara unapobanwa kwenye freti ya kwanza, basi kijibonde chake katika daraja dogo la kichwani kimelika. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini ni kazi ndogo. Mwisho tazameni pikapu. Ikiwa karibu mno na uzi, sumaku huuvuta na kuunyima uhuru. Ikiwa mbali mno, sauti hupungua. Uzi ukibanwa kwenye freti ya mwisho, milimita 3 hivi juu ya sumaku hufaa.

Mama, twamwomba mzee nyumbani asilipeleke gita dukani wala asitoe hukumu kabla ya kupita hatua hizi. Inawezekana kijana aliufunga uzi vibaya kidogo, na inawezekana hita ya sebuleni ilifanya mengine. Hakuna katika hayo mawili kinachostahili watu wa nyumba moja wanyimane salamu. Kazi hii inahitaji mikono minne: mmoja abane, mwingine atazame upenyo. Mpe baba kazi ya kubana, kwani kidole chake kina uzoefu, na mpe kijana kazi ya kutazama, kwani macho yake bado mapya. Gharama yake ni jioni moja. Na gita lihamishwe mbali na hita.

Mwezi ujao, inshaallah, tutamjibu msomaji aliyeuliza kuhusu cherehani inayoruka mishono.

Wabillahi tawfiq.