Mafunzo ya uongozi kwa wanawake wa mpakani: cheti bila kiti hakipitishi mzigo

Kwa miaka mingi sasa wanawake wanaofanya biashara ndogo katika mipaka ya Afrika Mashariki wamekuwa wakiitwa kwenye mafunzo ya uongozi. Mashirika kama EASSI yenye makao Kampala, kwa msaada wa wafadhili mbalimbali, yamewafundisha sheria za Jumuiya, utunzaji wa hesabu na namna ya kuendesha vyama vyao. Swali ambalo mfanyabiashara na msafirishaji wana haki ya kuliuliza ni moja: je, mafunzo hayo yanabadili kitu pale getini?

Jibu la mwandishi huyu ni kwamba yanabadili pale yanapomfikisha mwanamke kwenye kikao kinachoamua mambo ya mpaka. Yakiishia kwenye cheti na picha ya pamoja, hayabadili kitu.

Haki ipo, mdai hayupo

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa Januari 2005. Chini yake upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa na yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hutolewa pale pale mpakani, na wakala wa forodha si lazima. Vibali vingine, kama vya afya ya mimea na mifugo, bado vinahitajika.

Pamoja na hayo, wapo wanaoendelea kupita njia za panya au kumlipa mtu wa kati kwa huduma wanayostahili kuipata bure. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu biashara ndogo ya mipakani katika nchi za Maziwa Makuu ulionyesha kuwa wengi wa wafanyabiashara hao ni wanawake, na kwamba kutozwa fedha zisizo halali, vitisho na unyanyasaji, ukiwemo wa kingono, ni mambo waliyokutana nayo mara kwa mara.

Majengo mapya yamesaidia. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na cha Namanga Desemba 2018. Lakini jengo halimwambii mama mwenye magunia mawili ya maharage kwamba anadaiwa kitu au hadaiwi.

Hesabu ya shilingi 200

Wengine husema wanawake hawa wanapaswa tu kuzijua haki zao. Kiuchumi, kujua peke yake hakutoshi.

Tuchukue mfano. Mchuuzi anaombwa shilingi 200 za Kenya zisizo na risiti. Akigoma na kwenda kulalamika, anapoteza siku nzima ambayo ingempa faida ya shilingi 1,500, na nyanya zake zinaharibika. Kwa hesabu yake mwenyewe, ni afadhali alipe 200 aende sokoni. Uamuzi wake ni wa busara. Lakini wachuuzi 40 wakifanya hivyo, wanatoa shilingi 8,000 kila siku, na mchezo unaendelea.

Atakayesimama kulalamika anabeba gharama yote peke yake, ilhali nafuu inawafikia wote 40. Ndiyo maana hajitokezi mtu. Hapa ndipo uongozi unapokuwa na thamani ya fedha. Chama chenye kiongozi anayejua kuandika malalamiko, kutunza kumbukumbu za tarehe na kiasi, na kuzungumza na mkuu wa forodha bila woga, kinagawa gharama hiyo kwa wanachama wote.

Kiti ndicho kipimo

Sheria za nchi zetu zimefungua milango kwa kiasi. Katiba ya Uganda ya 1995 inawatengea wanawake theluthi moja ya viti katika mabaraza ya serikali za mitaa. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Tanzania ina madiwani wa viti maalum.

Hata hivyo, ushuru wa soko, choo, maegesho na saa za kupita hujadiliwa pia katika kamati za soko, vyama vya ushirika na kamati za pamoja za mpaka. Huko mwenye sauti ni yule anayehudhuria kila mara, na mara nyingi huyo ni wakala au mwakilishi wa kampuni kubwa. Mwanamke aliyejifunza kuendesha kikao cha kikundi chake cha kuweka na kukopa tayari ana ujuzi unaohitajika kukaa pale. Kinachokosekana ni kualikwa.

Linamhusu nini mwenye lori?

Linamhusu sana. Fuso moja huweza kubeba mizigo ya wanawake kumi. Kila mmoja akiwa na hati yake, mzigo unaeleweka. Hati zikikosekana, ofisa anaweza kuuona kama shehena ya mtu mmoja iliyovuka kikomo cha dola 2,000, na gari likalala. Anayewapanga hao kumi kabla ya kufika getini ni kiongozi wao.

Mwaka 2020, corona ilipofunga mipaka kwa watu na kuacha malori, wachuuzi wa Goma na Gisenyi walilazimika kukusanya bidhaa zao na kuzisafirisha kwa pamoja. Kazi ya namna hiyo inahitaji mtu anayeaminiwa na fedha za wengine na anayejua kuzitolea hesabu.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, yakiwemo usajili wa waagizaji na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti yanapobadilika ghafla hivyo, msafirishaji anahitaji mtu upande wa wenye mzigo anayeweza kufikisha habari kwa wengi kabla magunia hayajapakiwa.

Mafunzo yanapokosea

Makosa yanajulikana. Semina hufanyika hotelini, mbali na mpaka, siku ya gulio. Wanaoalikwa ni wale wale wa mwaka jana. Vitabu huletwa kwa Kiingereza. Mwenye mtoto mchanga hana pa kumweka. Ofisa wa forodha na mume wa mfanyabiashara hawashirikishwi, kisha mwanamke anarudi na maarifa ambayo nyumbani na ofisini hayatambuliwi. Na mradi ukifungwa, hakuna anayerudi kuuliza nani yuko kwenye kamati gani.

Wafadhili wapime mafunzo kwa idadi ya viti vilivyokaliwa na kwa malalamiko yaliyoandikwa na kujibiwa. Idadi ya washiriki peke yake haitoshi.

Vyama vya wasafirishaji na mawakala navyo vina la kufanya, tena bila kusubiri mradi. Kikao kijacho cha mpaka wenu kikiitishwa, ulizeni nani anawawakilisha wachuuzi wadogo. Akiwa hayupo, pendekezeni aalikwe, na kikao kipangwe saa ambayo soko limeshafungwa.