Mawe ya Songwe Yachenjuliwe kwa Akili Zetu

MALORI ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupita Tunduma kila siku yakishuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mengine hupanda yakiwa na salfa ya kutengenezea tindikali. Wananchi wa Tunduma wameyazoea, na wengi huyajua kwa vumbi na foleni tu. Lakini ndani ya mizigo hiyo limo somo ambalo Mkoa wa Songwe unalihitaji.

Mbale nyingi za Katanga zimekaa ndani ya dolomaiti, yaani jiwe la kabonati ya kalsiamu na magnesiamu. Jiwe hilo halina faida kwa mchimba shaba. Tena, tindikali inapomwagwa kuiyeyusha shaba, kabonati huinywa kwanza. Asiyelitenga jiwe hilo mapema hununua tindikali ya kulisha mawe.

Njia mojawapo ya kulitenga ni povu. Jiwe husagwa likawa unga, likatiwa maji na dawa, kisha hewa ikapulizwa ndani ya tangi. Chembe zilizoshikwa na dawa huyakataa maji, hung'ang'ania mapovu na kupanda juu, ambako hukusanywa. Nyingine hubaki chini na tope. Ugumu uko katika dawa. Huko Kolwezi mafuta ya mawese yalitumika kwa miaka mingi kuinua shaba, lakini penye dolomaiti nyingi mafuta yaleyale huinua na dolomaiti. Ikabidi itafutwe dawa nyingine. Dawa inayofaa kilima kimoja huweza kuharibu kazi katika kilima cha pili, wala hakuna kitabu kinachoweza kusema mapema ni ipi. Ni lazima jiwe lenyewe lijaribiwe.

Songwe na Mbeya zina mawe ya namna hiyo. Kilima cha Panda, karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, ni kabonati tupu iliyofumbata naiobiamu, madini ya kuimarisha chuma. Kilichunguzwa katika miaka ya 1950, na tena mwishoni mwa miaka ya 1970 na wataalamu wa Yugoslavia. Miaka zaidi ya 60 baada ya uchunguzi ule wa kwanza, kilima kilikuwa bado kizima. Na mgodi wa Niobec huko Kanada, wenye jiwe la ukoo huohuo, ulianza kazi mwaka 1976: huinua kabonati kwanza kwa povu na kuitoa, ndipo naiobiamu ikafuatwa kwa dawa nyingine.

Ngualla, katika Wilaya ya Songwe, maumbile yamekuwa na huruma zaidi. Mvua za maelfu ya miaka zimekwisha kuyeyusha kabonati ya tabaka la juu na kuacha madini adimu ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme yakiwa yamekolea. Lakini chini yake jiwe bichi lipo na dolomaiti yake, na huko mvua haijatusaidia. Mwezi Aprili 1923 ya nchi hii ilikuwa zama za kutawaliwa. Aprili 2023 Serikali yetu ilitia saini mkataba wa mradi huo ikiwa na hisa asilimia 16. Hiyo ni hatua ya kujivunia.

Hata hivyo hisa peke yake haimfundishi mtu kilichomo ndani ya povu. Taifa halijasahau mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia yalipozuiwa bandarini na Kamati ya Profesa Mruma ikapewa kazi ya kuyapima. Makinikia si kitu kingine ila povu hilohilo lililokaushwa. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kilichomo ndani yake, na ubishi wa namna hiyo huzuka pale ambapo muuzaji ndiye peke yake aliyekuwa na maabara. Sheria iliyotungwa mwaka huohuo inakataza kupeleka rasilimali ghafi nje ili zikachenjuliwe huko. Sheria hiyo itakuwa na meno tu endapo wapo Watanzania wanaojua kuchenjua.

Kwa hiyo yafaa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kipewe matangi madogo ya povu na mawe ya Panda na Ngualla yenyewe, vijana wayajaribu mpaka wajue dawa zake. Matokeo yawekwe GST Dodoma, ambako Serikali itayakuta siku ya kukaa mezani na mwekezaji. Gharama ya tangi la maabara ni ndogo mno ikilinganishwa na kontena moja lililopimwa vibaya.

Liko pia suala la tope. Kinachobaki chini ya tangi ni kingi kuliko kinachopanda, na maji ya upande wa Ngualla huelekea Ziwa Rukwa, wanakokaa wavuvi na wafugaji. Mkaguzi wa bwawa la tope naye hana budi kuzijua dawa zilizotumika. Kama orodha yake iko mikononi mwa mwekezaji tu, atapima nini? Masharti ya kuitoa orodha hiyo kwa Serikali na kwa halmashauri ya wilaya yaandikwe mapema, kabla tangi la kwanza halijatiwa maji.